Mwatuko wa Punje

Huko Nchelenge, kandokando ya Ziwa Mweru, mpunga ukivunwa baada ya mvua huanikwa juani juu ya majamvi, nao ukisahauliwa nje usiku, umande wa ziwani huulowesha upya. Na asubuhi mwenyewe hana la kushuku, kwa kuwa ganda halikubadilika rangi wala sura, ilhali punje iliyo ndani imekwisha kuharibika. Hasara hudhihiri mashineni, mchele unapotoka chenga tupu, na lawama zote zikamwangukia mkoboaji, ambaye pengine hana hatia.

Asili ya dhara hili ni kwamba punje iliyokauka barabara, unyevu wake ukashuka chini ya asilimia 14 hivi, ikikutana na maji tena huyanywa kwa upande wa nje kwanza. Tabaka la juu huvimba, kiini kingali kikavu, na kiini hicho, kisipoweza kutanuka kwa kadiri ile, huvutwa hata kikaachana kwa mkingamo. Kunze na Hall, watafiti wa Marekani, waliandika habari za jambo hili mwaka 1965. Hata mashine njema ya kukobolea yenye silinda mbili za mpira, zizungukazo kwa kasi mbalimbali na kupimiwa nafasi kati yake kwa unene wa punje wala si kwa urefu wake, haiwezi kuinusuru punje ya namna hiyo, sembuse kinu cha chuma.

Basi tuiite nini aibu hii? Wasemao Kibemba huko Mweru husema *umupunga*, uwe shambani au sahanini; sisi tuna mpunga, mchele, wali, chenga, chuya, pumba na wishwa, na juu ya utajiri huo wote, dosari hii ya siri haina jina lililotulia. Ufa silikatai, walakini fikira hukimbilia ukutani. Na mpasuko humfanya msikiaji adhani punje imekwisha gawanyika. Nimechagua mwatuko, litokanalo na kuatuka, kama ardhi au ubao uatukavyo kwa jua, kwani kauli hiyo ya kutendeka yatufahamisha kuwa hapana aliyeipiga punje, bali imeachana yenyewe kwa mvutano wa ndani. Na naamini hata ng'ambo ya ziwa, Kilwa ya Kongo, ambako Kiswahili husemwa, litaeleweka bila taabu.

Mwenye shaka na amenye punje chache kwa ukucha kabla ya kupeleka gunia mashineni, aziinue mbele ya taa: mwatuko huonekana kama uzi mweupe uliokata punje kwa upana.