Sukari Bandia: Mabishano ya Zaidi ya Miaka 140



Msimu wa harusi ukikaribia, suali hurudi lile lile. Biharusi anataka gauni limkae vyema, anaacha sukari na kuhamia kwenye soda zisizo na sukari na vidonge vya kutilia chai. Mara shangazi anatuma ujumbe wa sauti: vidonge hivyo vinaleta saratani! Mwengine anajibu kuwa ni uzushi. Nani tumsikilize? Tuanze na historia.

Sakarini iligunduliwa mwaka 1879 Baltimore, Marekani, katika maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Constantin Fahlberg alikuwa akichunguza kemikali zitokanazo na lami ya makaa ya mawe. Alipokaa kula, akaonja utamu wa ajabu mkononi mwake. Ugomvi haukuchelewa. Mwanzoni mwa karne ya 20, Harvey Wiley, mkemia mkuu wa serikali, aliipinga mbele ya Rais Theodore Roosevelt. Rais alikasirika, kwani daktari wake mwenyewe ndiye aliyempa sakarini aitumie.

Mwaka 1969 Marekani ilitangaza kuiondoa saiklameti, utamu mwengine wa maabara, baada ya panya waliolishwa kwa wingi kupata uvimbe kwenye kibofu. Nchi nyengine nyingi zinairuhusu hadi leo. Mwaka 1977 ikafika zamu ya sakarini: utafiti wa panya uliofanywa Kanada uliifanya mamlaka ya chakula ya Marekani itake kuipiga marufuku. Wenye kisukari walilalamika sana, kwani wakati ule hawakuwa na mbadala mwengine. Bunge likazuia marufuku hiyo, likaamuru bidhaa ziwekwe onyo. Baadaye ikabainika kuwa madhara yale yalitokana na maumbile ya mkojo wa panya, ambayo binadamu hana. Mwaka 2000 onyo likaondolewa.

Lakini tusidhani kuwa sukari yenyewe ina mikono safi. Mwaka 1967 wanasayansi wa Harvard walichapisha makala iliyopunguza lawama za sukari katika maradhi ya moyo na kuyaelekeza macho kwenye mafuta. Mwaka 2016 nyaraka za zamani zilifichua kuwa wafanyabiashara wa sukari ndio waliowalipa, na wasomaji hawakuambiwa.

Sasa tuje kwenye aspatami. Julai 2023, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka katika kundi la vitu ambavyo "huenda" vikasababisha saratani. Kundi hilo hilo lina dondoo la jani zima la mshubiri. Siku hiyo hiyo, kamati nyengine ya wataalamu ilibakisha kiwango cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 70 angehitaji kunywa makopo 9 hadi 14 ya soda kila siku kukipita. Wa kwanza walipima kama hatari inawezekana. Wa pili walipima ni kiasi gani kinadhuru. Ujumbe wa shangazi ulichukua nusu ya habari tu.

Wanazuoni wetu wa hadithi hawakupokea neno bila ya kuuliza sanad: nani kasema, kalipokea kwa nani, na je, ni mkweli? Tufanye hivyo hivyo kwenye simu zetu. Utafiti ni wa panya au wa watu? Kiasi gani kilitumika? Nani kalipia? Asiyeweza kujibu, asisambaze.

Habari ya uongo ina gharama. Mama mwenye kisukari akitishwa, anaweza kurudi kwenye sukari ya kawaida na kuumia zaidi. Azungumze kwanza na daktari wake. Wenye maradhi adimu ya kurithi yaitwayo fenilketonuria ndio wanaopaswa kuiepuka aspatami kabisa.

Na wewe biharusi, jua hili: Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasiokuwa na kisukari wasitegemee utamu bandia kupunguza uzito, kwa sababu haukuonesha faida ya muda mrefu. Punguza kijiko kimoja cha sukari kwenye chai wiki hii, na chengine wiki ijayo. Kunywa maji. Ulimi utazoea, inshaallah.