Pilipili yenye jina la mwingine: kosa la zamani linalofika hadi bustani za Kasungami

KASUNGAMI, Lubumbashi – Familia inanunua miche dukani. Kibandiko kinasema poivron, ile pilipili kubwa isiyowasha. Miezi miwili mitatu inapita, maji yanachotwa kila jioni, kisha yanatokea matunda madogo makali. Kwa waliokimbia makwao na kuanza upya na kipande kidogo cha udongo, huo ni msimu mzima uliopotea.

Lawama humwangukia muuzaji. Lakini kosa la kuipa pilipili jina lisilo lake ni la zamani kuliko duka lolote.

Neno pilipili lilikuwako kabla ya mmea tunaouita hivyo leo. Lilitoka India, likapita kwa Waajemi na Waarabu, likafika pwani ya Afrika Mashariki. Wakati huo lilikuwa jina la pilipili manga, punje nyeusi za mmea unaotambaa juu ya miti. Mwaka 1492 Columbus alifika visiwa vya Karibi akitafuta njia ya kwenda Asia kwenye viungo hivyo. Alikuta tunda lingine kali, na Wazungu wakalipa jina la pilipili. Kumbe tunda hilo ni ndugu wa nyanya, bilinganya na tumbaku. Na pilipili manga halina undugu wowote.

Katika karne ya 16 Wareno walilieneza Afrika na India. Huku kwetu likarithi jina la zamani, na pilipili ya kwanza ikabidi iongezewe neno "manga", yaani ya Uarabuni.

Wataalamu nao walikosea. Mwaka 1776 Jacquin, mtaalamu wa mimea wa Vienna, aliiita aina moja Capsicum chinense, maana yake "ya China". Asili yake ni Amerika, lakini jina hilo halijafutwa hadi leo.

Hata Kiswahili chenyewe hakikubaliani. Katika kamusi za zamani za pwani, pilipili hoho ni ile kali. Leo Dar es Salaam ukiomba hoho, unapewa ile kubwa tamu. Basi watu wawili kutoka pande mbili wanaweza kutaja jina moja sokoni, kila mmoja akiwaza tunda lake, na hakuna aliyedanganya.

Je, mche utatambuliwaje? Ukiwa mdogo, majani yanafanana mno. Subiri ua. Poivron huwa na ua jeupe, kwa kawaida moja kwenye kila kifundo. Pilipili ndogo kali ya Capsicum frutescens ina ua jeupe la kijani kidogo, na matunda yake husimama yakitazama juu. Chinense hutoa maua mawili au zaidi kwenye kifundo kimoja. Lakini ua jeupe peke yake halitoshi, kwa sababu poivron na pilipili nyingi ndefu kali ni za aina moja, Capsicum annuum. Hapo ulimi ndio unaoamua: onja kipande kidogo cha utando mweupe unaoshika mbegu, maana ukali hukaa hapo.

Wengine husema poivron iligeuka kali kwa sababu ilipandwa karibu na pilipili. Sivyo. Tunda hufuata mmea uliolizaa. Kinachobadilika ni mbegu iliyo ndani: nyuki akileta chavua ya pilipili kali kwenye ua la poivron, mbegu hizo zikipandwa msimu ujao zitazaa matunda makali, kwa kuwa ukali hushinda utamu. Hivyo miche yenye jina la uongo inaweza kutoka kwa mtu aliyekamua mbegu kwenye poivron nzuri kabisa, bila nia mbaya.

Anayetaka kuhifadhi mbegu atenge poivron mbali na pilipili, au afunike tawi lenye maua kwa kitambaa chepesi hadi matunda yashike. Anayenunua amwulize muuzaji mbegu ilitoka wapi, na apande michache kwanza kabla ya kujaza shamba. Iliyokwisha kuzaa kali ising'olewe kwa hasira: pilipili kavu haiozi upesi, na mezani penye bukari haikosi mteja.