Pasi, Pasi na, Si Pa: Neno la Bandarini katika Michezo ya Lugha Chaani

Chaani ni wadi ya Changamwe, jirani na Kipevu, na mkaazi wake haachi msamiati wa bandari kazini; hurudi nao nyumbani. Mfano ni pasi. Kibarua asiye na pasi haingii getini Kilindini. Jioni mwanawe yuko uwanjani anapiga kelele "Pasi!" akitaka mpira, na binti yake ama amepasi mtihani ama hakupasi. Maana hizo tatu zina mzazi mmoja, pass ya Kiingereza, iliyotoka kwenye Kifaransa cha kale. Nyuma yake kabisa kuna passus ya Kilatini, yaani hatua. Kwa hiyo cheti cha kuingilia, mpira unaomfikia mwenzako na mtihani uliouvuka vyote vina kupita ndani yake. Wanaisimu wataiita polisemia, na hapo hawana kosa. (Pasi ya nguo naiweka kando. Ni chuma cha moto, na maana ya kupita haimo.)

Mambo hubadilika neno hili linapokutana na wenyeji wake. Kiswahili kilikuwa na pasi yake kabla ya geti la bandari kujengwa: pa- ya mahali na -si- ya kukanusha, kama tuionavyo katika pasipo. "Pasi na shaka" ni mahali ambapo shaka haipo. Basi mgeni aliyebeba ruhusa ameingia nyumba ya neno la ukosefu, wakafanana sura na sauti. Hii ni homonimia, si polisemia, na hoja yangu ni kwamba mwanya uliopo kati ya mambo hayo mawili ndio uwanja wa mchezo wa msemaji wa pwani. Tuchukue sentensi niliyoitunga kwa ajili ya darasa: "Nina pasi pasi na kazi." Pasi ya kwanza inafungua geti, ya pili inakufungia nje. Katika ushairi hiyo ingeitwa jinasi. Kwa kibarua anayesubiri kuitwa alfajiri ni taarifa tu ya hali yake.

Kitenzi nacho kina vituko vyake. Vitenzi vya Kibantu huishia kwa -a, na hugeuza irabu hiyo kuwa -i katika kukanusha wakati uliopo. Kupasi kimeingia na -i yake tayari, kwa hiyo kinaonekana kama kimekanushwa kabla ya kutumika. Tena kinakaribiana mno na kupasa. "Yakupasa upasi," mzazi humwambia mtoto, na sentensi inakaa sawa. Ikanushe: "haikupasi kupasi." Sikio linahangaika kutenganisha wajibu na ushindi. Hata hivyo kitenzi hiki kinanyambulika bila tabu, kwa kuwa nipasie na tulipasiana husikika katika kila uwanja wa soka, na hakuna anayehisi kwamba anazungumza Kiingereza.

Mbona neno lenyewe halikuchafuka? Afrika Kusini neno pass lilibeba damu. Huko Sharpeville, tarehe 21 Machi 1960, polisi waliwaua watu 69 waliokuwa wakipinga sheria za pasi. Kenya ilikuwa na mateso ya jamaa hiyo hiyo. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilitungwa mwaka 1915, ikatekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na mwanaume wa Kiafrika kuanzia miaka 16 akalazimika kutembea na cheti chake, mara nyingi kikining'inia shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Lakini cheti hicho kiliitwa kipande. Kipande ndicho kilichobeba chuki yote, pasi ikabaki safi, tayari kwa mpira na mitihani. Naona hii ndiyo sababu mtu wa Chaani anaweza kufanya mzaha na pasi; kwa kipande wazee hawakuwa na mzaha.

Sasa tulitazame neno hili mchezoni hasa. Katika Scrabble, PASS ni vigae vinne vyenye pointi sita, na ukivichanganya unapata ASPS, SAPS na SPAS. Vilevile "pass" ni hatua ya mchezo: unaacha zamu yako ipite. Kiingereza huchezea herufi. Kiswahili huchezea silabi, kwa sababu silabi ndiyo inayohesabiwa katika mizani na ndiyo sikio linayoisikia. Edward Steere alieleza kinyume cha Zanzibar katika kitabu chake cha sarufi cha 1870: silabi ya mwisho inaletwa mbele, na asiyejua anabaki nje ya mazungumzo. Mbinu hiyo haijafa. Sheng imegeuza stori ikawa risto kwa njia ile ile.

Igeuze pasi, na huna njia ila moja: sipa. Kamusi haina neno hilo, lakini sikio linalikata lenyewe: si pa. Hapa si pa kupita. Si pa kulala. Silabi mbili zilizoazimwa kwa ajili ya ruhusa, zikipinduliwa, zinatoa katazo kamili, lenye sarufi isiyo na dosari. Ni sadfa, bila shaka, maana hakuna Mwingereza aliyeipanga. Lakini sadfa hiyo isingewezekana kama neno lisingepokewa katika umbo la silabi wazi, na kama pa na si zisingekuwa tayari zinafanya kazi ya mahali na kukanusha.

Hebu mfikirie mshambuliaji wa Chaani anayetaka mpira bila beki kujua. Anapiga kinyume: "Sipa!" Mwenzake, aliyekulia mtaa huo huo, anaupinda mguu na kumpasia. Beki amesikia vizuri, ila alichosikia ni kwamba hapa si pa kupita, akatulia palepale.