Nyaraka za Mwambao wa Nyasa

Mtu atakaye kuandika tarehe ya mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa, tangu Lituhi hata Mbamba Bay, pamoja na milima ya Umatengo iliyo juu yake huko Mbinga, hana budi kukusanya nyaraka za watu wasiopata kushauriana: maofisa wa Kidachi, ambao mapatano ya tarehe 1 Julai 1890 yaliwathibitishia milki ya nchi hii, mapadri Wabenediktini, waliofika Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka uliofuata, wamisionari wa Kianglikana waliokuwa na makao yao kisiwani Likoma, na hatimaye makarani wa Kiingereza. Yohana mmoja, akibatizwa na padri, aweza kuandikwa Ioannes kwa Kilatini, na katika hati ya serikali akawa John, hata mjukuu wake akashindwa kumtambua.

Majina ya mahali nayo yana taabu yake. Tarehe 13 Agosti 1914 merikebu ya Kiingereza Gwendolen, nahodha wake akiwa Rhoades, iliishambulia Hermann von Wissmann ya Wadachi, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu ili itengenezwe. Habari hiyo imeandikwa kuwa ilitokea Sphinxhafen, jina walilolitoa Wadachi kwa ajili ya jabali la pale. Na msomaji asiyejua kwamba Sphinxhafen ndiyo Liuli atahesabu bandari mbili palipo na moja. Fedha ni vivyo hivyo: rupia ya Wadachi ilikuwa pesa 64, na tangu mwaka 1904 ikawa heller 100, kisha Waingereza wakaleta shilingi; basi hesabu za kodi za miaka hiyo hazijumlishiki kabla ya kubadilishwa.

Lakini hatari iliyo kubwa zaidi ni ile isiyoonekana, yaani jina lilelile kubaki na mpaka kuhama. Sensa ya mwaka 2002 iliihesabia wilaya ya Mbinga watu 404,799, na ile ya 2012 watu 353,683, na mwenye pupa atasema kwamba nchi ilikumbwa na maradhi ama uhamaji mkubwa. Kumbe wilaya ya Nyasa ilikuwa imekwisha kumegwa kutoka Mbinga, nayo ilikuwa na watu 146,160. Ukizijumlisha mbili hizo utapata 499,843, na ile iliyodhaniwa kuwa hasara ni ongezeko la watu 95,044.

Kwa rai yangu, aghalabu wenye kuunganisha nyaraka hukosea kwa kusahihisha: hufuta Sphinxhafen wakaandika Liuli, na ushahidi wa mwandishi wa kwanza ukapotea milele. Asili iachwe kama ilivyo, na kando yake iandikwe tafsiri yake, mwaka wake na mpaka uliokuwapo siku hiyo. Nawasihi walimu, makarani wa parokia na wa halmashauri za Mbinga na Nyasa waanze daftari moja la namna hiyo, maadamu wangaliko wazee waijuao mipaka ya zamani.