Robo Maili na Barabara ya Kusini



Nipo Kitomanga, kando ya barabara, kati ya Kilwa na Lindi mjini, nasubiri basi. Pembeni yangu vijana wawili wameinamia simu moja. Wanacheza lile gemu la magari mawili kushindana mbio za moja kwa moja, ambapo kazi yako ni kubadili gia tu mshale ukifika penye kijani. Mwenye simu kafunga tabo mpya, kashinda, anatamba. Mimi nami niliwahi kuugua ugonjwa huu, hivyo leo tupige historia kidogo.

Mbio zenyewe ni za Marekani. Vijana wa California walichukua magari makuukuu, wakang'oa kila chuma kisicho na kazi na kufunga injini kubwa. Mwaka 1951 Wally Parks akaanzisha chama cha NHRA ili mbio hizo zitoke mitaani. Umbali uliozoeleka ukawa robo maili, yaani mita 402. Mwaka 1980 David Crane akazitengenezea gemu, Dragster, kwa mashine ya Atari.

Kwenye simu, Creative Mobile ya Estonia ilitoa Drag Racing mwaka 2011, na CSR Racing ikafuata mwaka 2012. Humo kulipamba na kuliboresha gari ndiyo biashara yenyewe: injini, tabo, matairi, naitrasi, rangi. Kupakua kulikuwa bure, lakini petroli ya CSR ikiisha, ulisubiri au ulilipa. Mwezi wake wa kwanza iliingiza kama dola milioni 12. Kwa petroli isiyo hata na harufu, jamani!

Mzee mmoja aliyekuwa anauza korosho akasogea. Vijana wakamwamkia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Hilo gari mmelifunga nini?"

Wakamweleza. Akacheka. "Sisi tulifunga minyororo."

Kumbe alikuwa utingo wa lori enzi za pantoni ya Ndundu, pale Rufiji. Lori lao liliongezwa majani ya springi, likajengewa bodi ya mbao, na kila safari lilibeba majembe na magogo ya kutandika kwenye tope. Hakuna aliyetafuta kasi, walitafuta kufika. Masika mto ukijaa, Kusini ilikuwa kama kisiwa.

"Mwaka mmoja tulikwama siku nne," akasema. "Tulikuwa na mama mjamzito, anapelekwa hospitali. Akajifungulia mle mle, juu ya magunia. Mtoto hakupona."

Mwenye simu akaizima.

Nimelifikiria hilo tangu asubuhi. Lori lile lilikuwa limeboreshwa kwa kila kitu ambacho fundi wa wakati ule angeweza. Kilichokosekana hakikuwa kwenye gari. Kilikuja mwaka 2003, Daraja la Mkapa lilipofunguliwa: mita 970, unaweza kukimbia robo maili mara mbili juu yake na chenji ikabaki. Hata hapo, lami ya Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 tu, ilichukua zaidi ya miaka kumi mingine kukamilika.

Na bado. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara hii maeneo ya Somanga. Mabasi mapya yenye injini za maana yakapanga foleni pamoja na malori chakavu. Mbele ya shimo, nguvu za farasi ni zilezile: sifuri.

Kwenye gemu barabara ni ya bure, imenyooka, haiharibiki. Ndiyo maana tunapoteza akili zote kwenye gari. Huku Kusini barabara ndiyo injini, na haiboreshwi kwa kidole kimoja wala na mtu mmoja.

Haya, basi langu hilo linakuja. Mzee kanipa korosho, kakataa hela. Tuonane Lindi!