Kithadou na Wasemaji Wake katika Milima ya Manipur

Kithadou ni lugha ya jamii ya Kitibeti-Kiburma inayozungumzwa hasa katika milima inayolizunguka bonde la Imphal, jimboni Manipur, kaskazini-mashariki mwa India, na vilevile katika majimbo jirani ya Nagaland na Assam na ng'ambo ya mpaka, nchini Myanmar. Wanaisimu huiweka katika tawi la Kikuki-Kichin pamoja na Kipaite, Kivaiphei, Kigangte na Kitedim, lugha ambazo wasemaji wake huelewana kwa viwango mbalimbali, wengine kwa wepesi mkubwa. Ukaribu huo ndio msingi wa historia yote inayofuata, kwa kuwa mipaka kati ya semi hizi haikuwekwa na masikio ya wasemaji peke yao, bali kwa kiasi kikubwa iliwekwa na kalamu za maofisa, wamisionari na makarani wa sensa.

Kithadou ni lugha ya toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana ya neno, na kitenzi huja mwishoni mwa sentensi. Kina pia kitambaza kisicho na mghuno, sauti inayotolewa kwa kusukuma hewa pembeni mwa ulimi bila nyuzi za sauti kutetemeka, ambayo huandikwa kwa herufi lh na husikika katika majina ya koo kama Sitlhou na Lhungdim. Msomaji wa Kiswahili atavutiwa kuona kwamba kitenzi hubeba kiambishi awali cha nafsi, ka- kwa msemaji, na- kwa msemeshwa na a- kwa anayesemwa, ingawa kufanana huko na Kiswahili ni sadfa tu wala si dalili ya udugu.

Kabla ya maandishi, jamii hii ilijikumbuka kwa nasaba. Masimulizi yao husema kwamba wahenga walitoka Khul, pango la chini ya ardhi, na koo kama Doungel, Kipgen, Haokip, Sitlhou na Singsit hujieleza kwa mfuatano wa mababu ambao kila mtu mzima alitarajiwa kuujua. Ukubwa na udogo wa ukoo haukuwa maneno matupu, kwa maana mnyama alipochinjwa au kuwindwa, mdogo alimpelekea mkubwa wake wa ukoo nyama ya uti wa mgongo, iitwayo sating, na kukataa kuipeleka kulikuwa sawa na kuukana undugu wenyewe. Chifu ndiye aliyekuwa mwenye ardhi ya kijiji, naye alipokea kapu la mpunga kutoka kila nyumba na paja la kila mnyama aliyeuawa porini. Cheo chake kilirithiwa na kifungua mimba, ilhali wadogo waliotaka utawala waliondoka na wafuasi wao kwenda kuanzisha vijiji vipya. Utaratibu huo, ukiambatana na kilimo cha kufyeka na kuhama, waeleza vizuri kuliko vita vyovyote jinsi lugha moja ilivyotawanyika juu ya milima mingi pasipo kuwa na mji mkuu wala mfalme mmoja.

Jina Kuki lilitoka nje. Waingereza walilikuta likitumiwa na watu wa nyanda za chini, wakalipanua, kisha wakawagawa watu wa milimani kuwa Wakuki wa Kale na Wakuki Wapya, Wathadou wakiingizwa katika kundi la pili. Katika miaka ya 1840 wakala wa Kiingereza, William McCulloch, aliwapa makazi wengi waliokuwa wakisukumwa kutoka kusini, akiwatumia kama ngao ya mpaka. Mwaka 1856 R. Stewart alichapisha muhtasari wa sarufi ya Kithadou, T. C. Hodson akafuata na sarufi yake mwaka 1905, na mwaka 1929 kikatoka kitabu cha William Shaw kuhusu Wathadou, ambacho hadi leo ni hazina ya habari za desturi na pia chanzo cha ugomvi, kwa kuwa kiliwapandisha Wathadou juu ya jamii ndugu ambazo hazikukubali kamwe kuitwa wadogo.

Kati ya sarufi ya Hodson na kitabu cha Shaw vilipita vita. Vita Vikuu vya Kwanza, vilevile vilivyowazoa wapagazi wa Afrika Mashariki na kuacha jina la Kariakoo, viliifikia Manipur mwaka 1917 kwa amri ya kutoa vibarua wa kwenda Ufaransa. Machifu walikataa, na mapigano yakaendelea hadi 1919, vijiji vikichomwa na akiba za nafaka zikiteketezwa mpaka njaa ikafanya ambalo bunduki hazikuweza. Machifu kadhaa walizuiliwa Sadiya, huko Assam, na Taunggyi, huko Myanmar, kisha utawala ukafungua wilaya ndogo milimani ili kuwaweka karibu watu ambao hapo awali uliwatawala kwa mbali.

Maandishi yalikuja kwa njia ya kanisa, yakitumia herufi za Kirumi. Agano Jipya lilitoka mwaka 1942 na Biblia nzima mwaka 1971, na katika kazi hiyo wenyeji hawakuwa wasaidizi tu bali wafasiri wenyewe, jambo linalostahili heshima kubwa kuliko ile wanayopewa na historia za misheni.

Serikali ya India huru iliwaorodhesha Wathadou kama kabila rasmi mwaka 1956, pamoja na jamii nyingine ndugu, kila moja kwa jina lake, na baadaye ikaongeza kifungu cha makabila yoyote ya Kikuki, hivyo watu wa nasaba moja wakawa na milango miwili ya kuingilia sheria. Tangu machafuko yaliyoanza Manipur Mei 2023, yaliyoua zaidi ya watu 200 na kuwahamisha makumi ya maelfu, swali la jina limekuwa kali zaidi: wapo wanaosisitiza umoja wa Wakuki, na wapo wanaosema kwamba Mthadou ni Mthadou na si mwingine. Hata hesabu za lugha hubeba mgawanyiko huo, kwani sensa ya 2011 iliandika wasemaji 229,340 wa Kithadou na, katika mstari mwingine, zaidi ya 80,000 wa Kikuki, ingawa kinachoitwa Kikuki huko Manipur kwa sehemu kubwa ni usemi uleule.