Wafu wa Universite na Ginsi ya Kuwakumbuka

Mtu akifa kijijini, kila mmoja anajua la kufanya. Watu wanakaa matanga, vijana wanachimba kaburi, wazee wanataja jina la marehemu na ukoo wake, na siku ya kumaliza kilio inapangwa. Lakini kijana akifa katika universite, kati ya wenzake wa makabila mengi na mbali na wazazi, nani atakaa matanga yake? Nani atalinda jina lake? Swali hilo si dogo. Katika inchi yetu ya Kongo liligusa historia ya universite zetu, na ya Eklezia pamoja nazo. Tulitazame kwa utaratibu: kwanza mambo yaliyotokea, kisha sababu zake, mwisho mafundisho yanayotupasa sisi wapadri, waseminari na wakatekista.

I. Mambo yaliyotokea

Universite ya Lovanium ilifunguliwa mwaka wa 1954 juu ya kilima cha Amba, karibu na mji wa Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa. Ilizaliwa na Universite Katolika ya Louvain ya Ubelgiji. Rekta wake wa kwanza alikuwa Mgr Luc Gillon. Mwaka wa 1967 padri Mkongo, Tharcisse Tshibangu, mwalimu wa teolojia, alishika nafasi yake.

Tarehe 4 Juni 1969, wanafunzi walitelemka mjini kwa maandamano. Walidai burse zao ziongezwe, na walidai kushirikishwa katika uongozi wa universite. Askari waliwafungia njia wakawapiga risasi. Serikali ilitaja wafu wachache. Wanafunzi walihesabu wengi zaidi. Hesabu hizo mbili hazikupatana kamwe. Tena kulikuwa na jeraha lingine: maiti hazikurudishwa kwa wazazi. Wazazi walikosa kaburi la kupiga magoti.

Miaka miwili ilipita. Tarehe 4 Juni 1971 wanafunzi walitaka kutimiza kile kilichokuwa hakijatimizwa: wakafanya mfano wa mazishi ya wenzao pale pale Lovanium. Lakini siku zile Raisi Mobutu alikuwa katika kilio cha mama yake mzazi, Mama Yemo, aliyefariki mwezi wa Mei. Mazishi yale ya wanafunzi yalihesabiwa kuwa matusi kwa Raisi na kwa marehemu mama yake. Askari waliingia katika universite, ikafungwa, na wanafunzi wakaandikwa jeshini kwa nguvu.

Mwezi wa Agosti wa mwaka ule ule, Serikali iliunganisha universite tatu za inchi: Lovanium ya wakatoliki, ile ya Kisangani iliyoanzishwa na waprotestanti mwaka wa 1963, na ile ya Serikali ya Lubumbashi. Zikawa universite moja ya taifa, UNAZA, na Mgr Tshibangu akawekwa kuwa rekta wake. Hivi Eklezia ilipoteza universite yake baada ya miaka 17.

II. Sababu ya mbali na sababu ya karibu

Mwanahistoria asiseme kwa haraka kwamba ukumbusho ule ndio ulioua Lovanium. Tunajifunza katika filosofia kupambanua sababu ya mbali na sababu ya karibu. Sababu ya mbali ilikuwa nia ya Serikali kuweka kila kitu chini ya Chama kimoja, MPR, kilichoanzishwa mwaka wa 1967. Nia hiyo ilionekana wazi kisha. Mwanzoni mwa 1972 Serikali ilidai vikundi vya vijana wa Chama viwekwe hata ndani ya seminari. Mgogoro ukawa mkali, na Kardinali Malula akakaa Roma miezi kadhaa. Mwaka wa 1974 teolojia iliondolewa katika universite ya taifa, na maaskofu wakaichukua mikononi mwao. Mwaka ule ule sikukuu ya Noeli, tarehe 25 Desemba, ilifanywa kuwa siku ya kazi.

Tusipite haraka juu ya neno hilo la Noeli. Mtawala anayeondoa sikukuu katika kalenda anajua vema nguvu ya ukumbusho. Anajua kwamba watu wanaokusanyika kila mwaka kwa siku moja na kwa jina moja wamekuwa jamaa, na jamaa hiyo haikuundwa na yeye. Kwa hiyo sababu ya karibu, yaani mazishi yale ya Juni 1971, haikuwa kitu cha bure. Kilio kilichozuiliwa mwaka wa 1969 kilirudi kwa sura ya ushindani. Kama wazazi wangalipewa maiti za watoto wao, kama Misa ingalisomwa wazi na majina yangalitajwa, ukumbusho ule ungalikuwa na utulivu zaidi.

III. Lubumbashi, mwaka wa 1990

Jambo kama hilo lilifika Lubumbashi, ambako wengi wetu wana ndugu. Mwezi wa Aprili 1990 Mobutu alikubali vyama vingi, na universite zikachemka. Mwanzoni mwa Mei, wanafunzi wa Lubumbashi waliwakamata wenzao waliowashitaki kuwa wapelelezi, wakawapiga vibaya. Kisha, usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei, watu wenye silaha waliingia katika nyumba za wanafunzi wakawashambulia. Serikali ilikiri kifo kimoja. Wengine walisema makumi, wengine hata mamia. Ubelgiji uliomba uchunguzi wa mataifa, Serikali ikakataa, urafiki wa inchi mbili ukavunjika.

Hapa mwenye kupanga ukumbusho anakuta taabu mbili. Ya kwanza ni hesabu: anayepunguza wafu anawaua mara ya pili, lakini anayewazidisha bila ushuhuda anampa mwongo silaha ya kukana yote. Ya pili ni ngumu zaidi: wale waliopigwa na wenzao siku zile za kwanza, je, nao wana nafasi katika sala? Wanafunzi wengi hawapendi swali hilo. Lakini padri hawezi kulikimbia.

IV. Eklezia yatufundisha nini

Kitabu cha pili cha Wamakabayo, sura ya 12, chatoa jibu. Yuda alikwenda kuzika askari wake, akakuta chini ya nguo zao hirizi za miungu ya uongo. Hakuwaficha, wala hakuwatupa. Alisema kosa lao wazi, kisha akachanga drakma 2000, akazipeleka Yerusalemu ili sadaka itolewe kwa ajili yao. Ukweli na huruma vilikwenda pamoja. Nayo desturi ya tarehe 2 Novemba ilipata nguvu Cluny, ambako abate Odilo, karibu na mwaka 1000, aliweka siku moja ya kuwaombea waamini marehemu wote. Watawa wale waliandika majina ya wafu katika kitabu, wakayasoma kwa siku zake.

V. Mashauri

Wengi wenu, ndugu waseminari, mtakuwa siku moja walezi wa vijana wa masomo ya juu. Wakija kwenu kuomba ukumbusho, msiwafukuze, wala msiwaachie wafanye peke yao. Fanyeni hivi.

Kwanza, andikeni majina. Kila jina liwe na mashahidi. Lisilo hakika lingojee. Pili, waiteni wazazi, wapewe kiti cha mbele na neno la kwanza, mbele ya wakubwa na mbele ya wanasiasa. Tatu, alama iwe ndogo na ya kudumu: msalaba au jiwe lenye majina na tarehe, mahali ambapo wanafunzi wanapita, na mtu mmoja apewe kazi ya kulitunza, kwani ukumbusho uliofunikwa na majani ni aibu kubwa kuliko kukosa ukumbusho. Nne, Misa iwaombee wote: waliouawa, waliopigwa na wenzao, na hata waliopiga risasi. Tano, siku ile isiishie katika pombe na kelele, bali izae tendo: burse kwa mtoto masikini, ama vitabu kwa maktaba.

Wakubwa wakiogopa, waelezeni kwa upole kwamba kilio kilichopewa njia yake kinapita kama mto, lakini kilichozibwa kinabomoa ukingo. Lovanium ni ushuhuda. Na vijana wakikasirika kwa sababu mmewaombea na maadui, wavumilieni: msalaba wenyewe ni ukumbusho wa mtu aliyeuawa bila kosa, naye aliwaombea waliomwua.